Ramani Juu ya Msalaba: Maisha ya Mwalimu Verdiana Karugendo

Baba Paroko, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, walimu, majirani na wote mliofika hapa Buganguzi, familia imemsimamisha Gozbert, mtoto wa kwanza wa marehemu, awasomee historia hii, naye anaomba mumvumilie, maana yaliyoandikwa hapa si mepesi kuyasoma.

Marehemu Mwalimu Verdiana Karugendo alizaliwa tarehe 11 Februari 1959 huko Ijumbi, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Karugendo na Ma Annastella, wakulima wa migomba na kahawa, akabatizwa baada ya wiki mbili, na tangu apate akili zake hakukosa misa ya Jumapili isipokuwa kwa ugonjwa au uzazi, jambo tunalolitaja mapema kwa sababu wapo hapa waliowahi kulitilia shaka.

Alisoma shule ya msingi kwao Ijumbi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, shule iliyojengwa na waumini, baba yake akiwa mmoja wa waliobeba mawe kichwani, na serikali ilipoichukua mwaka 1970 marehemu alikuwa darasa la nne, akawa anatusimulia kwamba siku hiyo kilichobadilika ni kibao tu, walimu walikuwa walewale, sala ya paredi ileile na misalaba ukutani ileile. Alisoma sekondari mjini Bukoba mwaka 1974 hadi 1977, kisha chuo cha ualimu 1978 na 1979, akaajiriwa tarehe 1 Julai 1980 katika shule moja ya msingi hapo mjini.

Tarehe 26 Desemba 1982 alifunga ndoa takatifu na Mzee Rugaibula wa hapa Buganguzi, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba, na mwaka 1991 akahamishiwa shule yetu hii, ambayo nayo iko kwenye ardhi ya parokia ila walimu wake wanalipwa na serikali, akawa mwalimu mkuu kuanzia Januari 1999 hadi alipostaafu tarehe 11 Februari 2019.

Sasa hapa, ndugu waombolezaji, ingekuwa rahisi kuruka, lakini marehemu mwenyewe aliagiza tusiruke. Kila Jumatano kipindi cha mwisho kilikuwa cha dini, katekista akiwachukua Wakatoliki madarasani, na watoto wa Kiislamu, kwa kuwa hawakuwa na mwalimu, walipewa majembe wakapalilie mahindi ya shule, na aliyepanga hivyo kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Mwalimu Verdiana, wala hakuona ubaya, aliona ni utaratibu. Mwezi Machi 2010 alikuja ofisini Bwana Yunus, mfanyabiashara wa hapa senta, akasalimia vizuri, akakaa, akaeleza kwamba binti yake Nasma, kwa kuchoka jembe na kujibanza dirishani kwa katekista, sasa anafanya ishara ya msalaba kabla ya kula, na kwamba hakuja kugombana, anataka tu kujua shule hii ni ya parokia au ni ya serikali, na kama ni ya serikali, mbona dini ya mwanawe ni kupalilia. Marehemu alirudi nyumbani akamwambia mume wake kwamba ameona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu aanze kazi.

Akaandika barua Bukoba kuomba mwalimu wa dini ya Kiislamu, zikakaa bila kujibiwa, akapanda basi mwenyewe Jumamosi tatu mfululizo mpaka akampata Maalim Jamali, mzee mpole aliyekubali kuja kila Jumatano, na chumba pekee chenye madawati kilichobaki kilikuwa cha darasa la nne, chenye msalaba mkubwa wa mbao juu ya ubao. Kuung'oa hakutaka, aliupenda kuliko wengi waliokuja kumsema, na kumkalisha maalim chini yake aliona ni kumdhalilisha mgeni, basi akachukua ramani ya Tanzania, akaitundika juu yake kipindi kikianza, na kipindi kikiisha akaishusha kwa mikono yake, akaikunja, akaenda nayo nyumbani.

Mawe, ndivyo tunavyoshangaa kwetu huku! Siku ya tatu kijiji kizima kilijua kwamba Mwalimu amefunika msalaba. Jumuiya yetu ndogondogo ikamtaka aombe radhi mbele ya wote, akajibu kwamba kosa lake analijua, ni yale majembe, na kwamba serikali inamlipa mshahara ili afundishe watoto wote, si nusu yao. Paroko wa wakati ule alisema maneno ya walei wayamalize walei, nao wakayamaliza kwa kuiruka nyumba hii, ikawa zamu ya sala za nyumba kwa nyumba ikifika kwake inahamia kwa jirani. Mzee Rugaibula alimsihi aseme neno dogo tu yaishe, naye akasema amechoka, lakini kuchoka siyo kukosa. Kila zamu alitandika mikeka, akachemsha chai, akaketi, akawasikia wakiimba ng'ambo ya kibanja cha migomba, akawafuatisha kwa sauti ya chini, kisha akakunja mikeka. Hayo yalidumu miaka kumi na mitano, na yalimuuma mama yetu kuliko maradhi yoyote.

Maalim Jamali alizeeka akaacha mwaka 2020, hakuletwa mwingine, na tunasikia watoto wamerudi kwenye mahindi.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2018, figo zikadhoofika Novemba 2023, akalazwa Bukoba mara nne, na Ijumaa tarehe 5 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na mume wake na binti yake Renatha, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 66.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba waliomhudumia bila kuchoka, walimu wenzake, majirani waliochimba kaburi, na Bwana Yunus aliyetoa gari lake kumrudisha nyumbani. Jumuiya nayo tunaishukuru, mmejaza ua, mmekaa kwenye mikeka yake siku tatu, mmesali rozari zote na mmeimba vizuri sana, jamani, mmeimba vizuri, na mama hakusikia.

Mwalimu Verdiana, umechoka vya kutosha, sasa pumzika, pumzika kwa amani.