Heriel Mgonja na Stoo ya Jinzi

Habari za Jumapili, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti. Kama kuna redio nyingine inalia hapo jirani, mwambieni mwenye nayo apunguze, maana leo sina sauti kubwa.

Mimi ni Teddy Kileo, na hiki ni kipindi chenu cha kuwakumbuka waliotangulia. Leo tunamkumbuka Heriel Mgonja, mwimbaji wa opera, mwana wa Usangi. Alifariki siku kumi na mbili zilizopita, hospitali ya Same, kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Miaka minane nimekaa kwenye kiti hiki nikisimulia marehemu wa watu wengine. Leo nasimulia marehemu niliyemkosea mimi mwenyewe. Nina aibu, wasikilizaji, na siifichi. Nimeificha miaka kumi, inatosha.

Nianze na opera yenyewe, maana najua kuna babu mahali anauliza opera ni mdudu gani. Opera, babu, ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawaongei, wanaimba mwanzo mwisho. Kuna wapiga fidla, wapiga tarumbeta, wapiga ngoma, jumla watu sitini. Mwimbaji anasimama mbele yao bila kipaza sauti. Nasema tena: bila kipaza sauti. Sauti itoke kifuani, ipite juu ya vyombo vyote, imfikie aliyekaa kiti cha mwisho kabisa. Kazi hiyo inasomewa, na Heriel aliisomea miaka mitano.

Alianza kwaya ya kanisa la Kilutheri, Usangi, akiwa na miaka kumi na miwili. Sauti ilipovunjika akawa teno, ile sauti ya juu ya wanaume. Mama yake, Mama Naelijwa, aliniambia, "Akiimba jikoni, ng'ombe wa jirani walikuwa wanageuza shingo." Mwalimu wa kinanda pale kanisani alimfundisha kusoma nota. Baadaye ukaja ufadhili wa masomo China, na Heriel akajaza fomu. Kijiji kizima kilidhani anakwenda kusomea udaktari. Alipowaambia anakwenda kusomea kuimba, mjomba wake alicheka mpaka akakaa chini.

Basi, Guangzhou. Mwaka ni 2009. Heriel yuko chuo cha muziki, mwaka wa mwisho. Na mimi nipo Guangzhou, mfanyabiashara wa jinzi. Nazitoa viwandani Xintang, nazilundika stoo Shahe, zinasubiri kontena. Tuliishi nyumba moja, ghorofa ya tano: mimi, Heriel, na kaka Marijani wa Zanzibar, aliyekuwa akinunua simu na redio.

Sasa sikilizeni vizuri. Heriel alikuwa na viza ya mwanafunzi, halali kabisa. Mimi viza yangu ilikuwa imekwisha. Marijani yake ilikwisha kabla ya yangu. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa msako. Polisi walisimama kwenye ngazi za treni, kwenye milango ya masoko, wanadai pasipoti. Wakikukuta huna viza, ni mahabusu, faini, na kurudishwa nyumbani na nguo ulizovaa.

Tukajiwekea sheria za nyumba. Viatu visikae nje ya mlango, mtu asije akahesabu tuko wangapi. Vitunguu visikaangwe, harufu inaita majirani. Na mlango ukigongwa, anafungua Heriel peke yake, kwa sababu ndiye mwenye karatasi.

Siku moja mchana, ukagongwa. Mimi na Marijani tukakimbilia bafuni, tukapanda juu ya mashine ya kufulia, tumekumbatiana kama mapacha, mwanamke na mume wa mtu. "Astaghfirullah," ananong'ona Marijani. Heriel akafungua. Tunamsikia askari anauliza kwa Kichina, unaishi na nani? Heriel anajibu, peke yangu. Askari anauliza, mbona mezani kuna sahani tatu? Mimi bafuni nikaanza kulia.

Heriel akamwambia, "Mimi ni mwimbaji wa opera. Nakula sana."

Askari akacheka. Akasema, haya, imba. Heriel akapiga kiganja kwa kiganja mara moja, pah, kama alivyozoea kupima chumba, akaimba mstari mmoja wa Kitaliano pale pale mlangoni. Jamani! Mashine ya kufulia ilitetemeka chini yangu. Yule askari akapiga makofi, akaondoka. Ile sauti ndiyo iliyotuokoa, mimi na Marijani. Nataka mlikumbuke hilo.

Mwezi huo huo Heriel akapata bahati ya maisha yake. Mwalimu wake wa sauti, mama mmoja mtu mzima aitwaye Mwalimu Liang, alimpigania mpaka akapata nafasi ya usaili. Kundi la opera kutoka nje lilikuwa linakuja Guangzhou kuchagua vijana wanne. Vijana wanne tu, mkataba wa miaka mitatu, majukwaa makubwa. Usaili ni mwisho wa mwezi wa sita. Mwalimu Liang akamwambia: saa mbili za mazoezi kila siku, usikose hata siku moja.

Chuoni chumba cha mazoezi alikipata mara mbili tu kwa wiki. Siku zilizobaki akawa anaimba nyumbani, jikoni kwetu, kwa sababu jikoni kulikuwa na vigae na sauti ilikuwa inamrudia vizuri. Siku moja Marijani alimrekodi kwa simu. "Wallahi mtoto huyu ana koo," anasema.

Mzee wa ghorofa ya nne hakuona hivyo. Akaanza kugonga bomba la maji kwa chuma. Na mimi, kila bomba likigongwa, naona askari. Nikawaza, huyu mzee atapiga simu, askari watakuja kwa kelele, watatukuta. Nikamwambia Heriel asiimbe tena nyumbani.

Hakubisha. Aliniuliza tu, "Sasa dada, niimbe wapi?"

Nikajiona nina akili sana. Nikamtolea ufunguo wa stoo yangu ya Shahe. Chumba hakina dirisha, marobota ya jinzi yamepangwa mpaka darini, kuta zote nne. Ukipiga yowe humo ndani, aliye mlangoni hasikii. Mfanyabiashara akitafuta pa kuficha sauti, atachagua hapo hapo.

Nilimpeleka mwenyewe. Akaingia, akasimama katikati ya marobota, akapiga kiganja kwa kiganja. Kikatoka kitu kidogo, pf, kikafa. Akapiga tena. Akageuka akanitazama.

"Dada Teddy, humu sauti hairudi."

Nikamjibu, "Ndiyo uzuri wake. Hairudi wala haitoki."

Wasikilizaji wapendwa, mimi sikujua. Lakini Heriel alijua, na mimi sikumsikiliza. Mwimbaji anajiongoza kwa sauti inayomrudia kutoka ukutani. Isiporudi, anaona hajaimba vya kutosha, anaongeza. Akiongeza, jinzi zinaimeza. Anaongeza tena. Koo ndilo linalolipa. Weka juu yake lile vumbi la jinzi mpya, la bluu. Alikuwa anarudi nyumbani anapenga kamasi ya bluu.

Wiki ya tatu alinijia nikiwa napanga saizi kwenye magunia. Akasema, "Dada, koo linaniuma. Humo ndani sijisikii."

Sikuinua hata kichwa. Nikamwambia, "Vumilia mdogo wangu. Wiki tatu tu. Sisi tukikamatwa tumekwisha."

Tumekwisha! Nilisema hivyo, mimi niliyekuwa na pa kwenda. Kazija, rafiki yangu aliyekaa Sanyuanli, mtaa mwingine wa Guangzhou, alikuwa amenipa chumba. Aliniambia mbele ya Marijani, njooni mkae kwangu nyote wawili mpaka msako upoe, mwacheni yule kijana asome. Nilikataa, kwa kuwa kwa Kazija ni mbali na mzigo wangu. Ningeweza kuhama mimi, nikaihamisha sauti ya mtu.

Wiki ya tano Mwalimu Liang akamsikia, akashtuka. Akamuuliza, unafanyia mazoezi wapi? Heriel akasema, nyumbani. Angetaja stoo, angeulizwa stoo ya nani. Kwa hiyo alisema nyumbani. Mwalimu akampeleka kwa daktari wa koo. Daktari akamwonyesha picha: nyuzi za sauti zimevimba, mmoja umevuja damu. Akamwambia asitoe neno hata moja kwa mwezi mzima. Usaili ulikuwa umebaki siku tano.

Alikwenda kuimba hivyo hivyo. Nadhani na wewe ungekwenda.

Alirudi mchana. Nilikuwa nimempikia ugali, na vitunguu nikakaanga siku hiyo, nimevunja sheria kwa furaha. Akakaa, akavua tai. Akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nimeimba, dada. Nota ya juu ikakatika. Wamesema asante."

Akala ugali wote, akaosha sahani zetu zote tatu. Hakunilaumu siku hiyo, wala mwezi ule, wala mwaka wowote uliofuata.

Bado sijamaliza aibu yangu. Jioni ile simu yake ikaita, mama yake Usangi anataka matokeo. Heriel hakuweza kuongea. Nikapokea mimi. Nikasema, "Mama, shikamoo. Kijana alipata baridi, kikohozi kimemkamata. Si unajua hali ya hewa ya huku." Guangzhou, mwezi wa sita, joto la kuyeyusha mshumaa mezani! Mama Naelijwa wa watu akaamini. Atajuaje?

Alirudi nyumbani mwaka uliofuata. Ile sauti haikurudi. Alibaki na sauti ya kuongelea tu, nyembamba, yenye mikwaruzo. Akafundisha kwaya Same, Mwanga, mpaka kule Gonja. Aliwafundisha vijana kupumua kwa tumbo, kusoma nota, kutokupayuka. Wawili kati yao leo wanasomea kuimba ughaibuni. Mjane wake, Yustina, ananiambia, "Kila chumba alichoingia alipiga kofi moja kwanza, anasikiliza. Hata nyumba hii, kabla hatujapanga, alipiga kofi sebuleni. Mwenye nyumba akafikiri anafukuza pepo." Zile kwaya zake zote zinafanya hivyo mpaka leo kabla ya mazoezi. Watoto wanadhani ni sehemu ya sala.

Na hakuwahi kumruhusu mtu aimbe kwenye chumba chenye mapazia mazito. Anayatoa kwanza. Yustina hakujua sababu. Mimi nilikuwa naijua.

Tulimzika Jumamosi ya wiki iliyopita, siku nane sasa. Baada ya maziko Mama Naelijwa alinishika mkono. Mama ana miaka sabini na tatu. Akaniambia, "Mwanangu Teddy, ile skafu niliyompa wakati anaondoka ilikuwa nyepesi. Uzi uliniishia. Ningemfumia nzito, asingepata baridi ile." Miaka kumi mama huyu anajihukumu kwa skafu! Na Heriel, kumbe, kila Krismasi alikuwa anapokea skafu mpya kutoka kwa mama yake, nzito kuliko ya mwaka jana, anaivaa Same kwenye jua, kimya, ili asinitaje.

Nikasimama pale makaburini, nikasema pole mama. Pole mama! Nikapanda gari nikaondoka.

Jumanne Marijani akanitumia kitu kutoka Zanzibar. Amesikia msiba, amefungua simu yake ya zamani, ameikuta sauti ya Heriel. Ni ya kule jikoni, Guangzhou. Sekunde arobaini na moja. Kwa ninavyojua hakuna rekodi nyingine ya Heriel Mgonja duniani. Niliisikiliza mara moja, nikazima. Jumatano nikapanda basi, nikarudi Usangi.

Nilimweleza mama yote, nimepiga magoti jikoni kwake. Nikamweleza stoo, jinzi, simu niliyopokea. Nikamwambia, mama, skafu yako haikuwa na kosa lolote. Akaomba asikie sauti. Nikamwekea simu sikioni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyu mwanamke anayepiga kelele hapa mwishoni ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi, mama."

Akanirudishia simu. Akasema, "Ipige redioni kwako. Na hapo ulipomkatiza, usipaondoe." Basi. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, pole ziende kwa Mama Naelijwa, kwa Yustina, kwa mjomba aliyecheka na baadaye akalia kuliko wote, kwa Mwalimu Liang popote alipo, na kwa kwaya zote za Heriel. Na wewe unayenisikiliza, mtazame huyo uliyenaye nyumbani. Mtoto anayepiga kinanda, binti anayeimba akiosha vyombo. Ukitaka kumwambia anyamaze, jiulize kwanza unamwogopea yeye au unajiogopea wewe. Mimi nilijiogopea.

Kwenye kipindi hiki huwa tunakaa kimya dakika moja kwa ajili ya marehemu. Leo hatukai. Heriel nimeshamnyamazisha vya kutosha.

Mtasikia kofi moja. Halafu mtamsikia Heriel Mgonja, teno, mwana wa Usangi, miaka ishirini na sita, jikoni kwetu. Halafu chuma kwenye bomba. Halafu mtanisikia mimi nikisema, "Nyamaza, Heriel! Utatukamatisha!" Inaishia hapo, kwa sababu alinyamaza.

Fundi mitambo, weka. Usipunguze.