Mkono wa Wendell

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Ruthanne zima redio ya jikoni, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana na bei za mahindi. Shamba mmekwisha kugawana bila ugomvi, nawashukuru. Mama yenu angefurahi. Lililobaki ni ile mizani ya chuma iliyoko ghalani, na jambo moja nililolinyamazia miaka thelathini na minne.

Jumamosi, Ruthanne, utakaa na makocha wenzako wa mieleka kupiga kura kama madaraja ya uzani yapunguzwe kutoka kumi na manne hadi kumi na mawili. Sikwambii upige ipi. Wanaotaka kupunguza si watu wabaya. Shule zetu zimepungukiwa watoto, na mara nyingi mno nimeona kijana akisimama peke yake katikati ya mkeka, refa akamwinua mkono kwa kumshinda mtu ambaye hayupo, na watazamaji wakaangalia viatu vyao. Lakini nami, enzi zangu za ukocha, niliwahi kukaa kwenye mkutano kama huo, katika chumba cha chini cha kanisa, siku tulipolifuta daraja la ratili tisini na nane.

Wendell, ulikuwa na miaka kumi na mitano na ratili tisini na sita. Wenzako walishinda njaa na kutema mate kwenye makopo ili wapungue. Wewe ulikula chapati za maji zilizolowa asali mbele yao, ukiwacheka. Kocha Haugen wa shule jirani alinitania pale mkutanoni, "Emil, huyo wako hata apande na buti za zizini, mizani haishtuki." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikarudi nyumbani nikawaambia nimepinga, ila tumezidiwa. Niliwadanganya. Kura ilikuwa ya siri, yangu ilikuwa ya kufuta, na daraja lako lilikufa kwa kura moja.

Nilijiambia ni kwa ajili ya timu, maana Haugen alikuwa na kijana wa uzani huo aliyekuwa akilaza mabega ya kila mtu chini, na alama zake zilituangusha msimu uliotangulia. Ukweli ni kwamba niliogopa kukuona umelazwa mbele ya mji mzima, wewe mtoto wa kocha. Wala sikukuogopea wewe, nilijiogopea mimi.

Hukulalamika. Uliuliza tu pale mezani, "Kwa hiyo sasa nile, baba?" Ukala ndizi, viazi na maziwa mpaka ukatapika, na kila asubuhi ukapanda mizani ya ghalani, ukiutafuta mwili wa kupambana na vijana waliojipunguza kutoka ratili mia na kumi na tano ili waingie daraja dogo lililobaki. Haukuja. Misimu miwili ulibeba taulo na maji ya wengine, na ulipomaliza shule mama yako akakwambia kwamba mieleka haikuwa yako, nami nilikuwa nimekaa palepale, nikakata mkate wangu. Umeishi miaka yote hii ukidhani ulipimwa ukapungua. Hukupimwa, mwanangu. Mimi nilikuzuia mlangoni.

Ruthanne, kabla hujapiga kura, taja kwa sauti jina la mtoto atakayeachwa nje, awe mwembamba kuliko wote au mzito kuliko wote. Ukishalitaja, piga kura unayoiona ya haki, na ukirudi mwambie mtoto huyo wewe mwenyewe umepigaje. Usimwachie mtu mwingine kazi hiyo. Mizani ni ya Wendell. Akitaka kuivunja, aivunje.

Niinulieni mto kidogo. Wendell, usiseme kitu. Hasira yako ni halali, kaa nayo mpaka iishe yenyewe. Nipe mkono wako wa kulia. Ruthanne, nishike kiwiko, peke yangu sifiki... Juu. Juu zaidi, upite kichwa chake. Hivyo. Mungu awajalie... awajalie watoto wenu wazazi wasiowaonea haya. Hapana, usiushushe bado. Refa hushusha akishahakikisha wote wameona.

Ruthanne, umeona?

Haya.