Kaburi Alilolichora Mzee Eliudi

Mzee Eliudi Simiyu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1938 huko Chwele, Bungoma. Alisoma hadi darasa la sita. Siku moja mwalimu alimwita ubaoni achore ramani ya wilaya, naye akaichora vizuri, ila akaongeza ng'ombe wa kwao. Alichapwa, lakini ng'ombe hakufutwa.

Alipokua aliandika mabango ya maduka mjini Bungoma. Mwaka 1961 alimwoa Naliaka, wakajaliwa mwana mmoja, Leonard, na mwaka 1992 akamfuata mwanawe huyo hapa Temple Hills, Maryland, akapaka rangi nyumba za watu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 1995. Naliaka, aliyebaki Chwele, alipofariki Februari 1996, Mzee alikuwa anasafishwa damu kwa mashine, na daktari akamkataza kusafiri. Mkewe akazikwa bila yeye.

Mwaka uliofuata kanisa letu la Annandale, jimbo la jirani, lilimwomba achore Ufufuo ukutani mwa ukumbi. Akachora udongo mwekundu uliofunguka kando ya nyumba ya mabati, mahindi nyuma yake.

Mama Sikujua wa jikoni, mtu wa Bukavu, akamwambia, “Papa Eliudi, kaburi ya Yesu ilikuwa pango. Hii ni ya kwenu.”

“Mama, pango sijawahi kuliona. Hili nalo sijaliona, lakini najua liko upande gani wa nyumba.”

“Na Yesu atoke na matope hivyo?”

“Atanawa. Wewe lete chai.”

Mama Sikujua alileta chai.

Alimaliza kumchora Yesu. Maria Magdalena naye akamchora amevaa leso ya Naliaka, kichwa kikiwa kimeanza kugeuka, ila uso aliuacha mtupu. Kila Jumapili aliketi mbele yake. “Yesu ameshamwita jina,” alisema. “Anageuka.”

Alitaka kuumaliza uso huo Pasaka ya mwaka huu. Leonard alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi ukutani. Mzee alichovya brashi, akaishika mpaka rangi ikamdondokea magotini, kisha akairudisha. “Nikifumba macho namwona,” alisema. “Nikifumbua anaondoka.”

Alifariki Jumanne, tarehe 13 Aprili 1999, macho yakiwa yamefumbwa. Kanisa limekubali kwamba uso ule hataumaliza mtu mwingine.

Ameacha mwanawe Leonard, mkaza mwana Aminata, wajukuu Akili na Imara, na dada yake aliyebaki Chwele, anayepalilia kaburi la Naliaka.

Tunamlaza hapa Maryland, mbali na udongo ule mwekundu. Apumzike, Mzee wetu, mpaka naye aitwe kwa jina lake, ageuke.