Hezroni Gwamaka Mwaisumo, Aliyefunga Uzi Kwenye Majani

Wasifu huu unasomwa na mjomba wa marehemu, Lazaro Mwangoka. Ameuandika mwenyewe bila msaada wa mtu, na Atupele, binti wa marehemu, ameupiga chapa tu. Mjomba aliishia darasa la tano, lakini darasa la tano la wakati ule lilikuwa sawa na chuo cha sasa, kwa hiyo tusikilizane.

Marehemu Hezroni alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 hapa Ngana, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Gwamaka Mwaisumo na marehemu Rut, dada mkubwa wa msomaji. Mjomba alimzidi miaka mitatu na cheo kimoja, na cheo hicho alikitumia vizuri. Maji ya kuoga ya mjomba yalitekwa na Hezroni hadi alipopata akili ya kukataa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 na kumaliza la saba mwaka 1977. Katika darasa la nne alimkuta mjomba wake, ambaye alilipenda sana darasa hilo akalisoma mara mbili. Siku moja mwalimu aliagiza kila mtoto alete jani la mti. Hezroni alileta mawili ya kokoa, moja dogo, gumu, la rangi iliyopauka, lingine pana kama sahani, laini, la kijani kilichokolea. Akasema yote ni ya mti mmoja, dogo limetoka juu kwenye jua, pana limetoka chini kivulini. Mwalimu akasema ni mwongo, akamchapa viboko vinne. Mjomba ndiye aliyepanda kulichuma lile la juu, na alikuwa dawati la nyuma yake. Alikaa kimya, kwa sababu viboko vilikuwa bado vingi.

Baada ya shule, marehemu alirithi shamba la kokoa la baba yake, lenye miti mirefu kumi na miwili ya kivuli, mivule na mingineyo. Sisi wengine tulikuwa tunatazama matunda. Yeye alitazama majani. Jani la kokoa likichipua huwa jekundu na limelegea kama kitambaa kilicholowa, na hapo ndipo alipolifunga uzi kwenye kikonyo, akalipima kila Jumamosi mpaka likomae. Alijua kwamba majani hulala kiangazi chote, kisha mvua za Novemba zikigusa udongo hutoka kwa pamoja, kama watu wa ibada wakiruhusiwa. Alijua upepo mkavu wa Septemba unakula kingo za jani. Mwaka mto Songwe ulipofurika na maji yakasimama shambani wiki tatu, alitutangulia kusema kwamba mizizi inakosa pumzi na majani yatageuka njano. Yakageuka. Tulisema amebahatisha.

Kupima huko ndiko kulikompa mke. Mwaka 1990 alikwenda Bondeni kwa fundi cherehani mmoja, binti aitwaye Naomi, kuazima futikamba.

“Unampimia nani?” Naomi akauliza.

“Jani.”

“Unalishonea shati au gauni?”

“Nataka kujua limekua kiasi gani tangu Jumamosi.”

“Basi lilete hapa tulipime wote. Futikamba yangu haitembei peke yake.”

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 13 Julai 1991. Mshenga alikuwa mjomba, na alisema vizuri kuliko mshenga yeyote aliyewahi kuvuka daraja la Kiwira. Mungu aliwajalia watoto wawili, Atupele na Asifiwe.

Naomi alifariki tarehe 2 Juni 2014, huko Mbeya hospitalini. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu tangu mwanzo nimekuwa nikimwita “mjomba” kama vile ni mtu mwingine. Ni mimi.

Mnajua msiba wetu. Mtu akifa, waombolezaji wanakata ndizi za mfiwa, wanakata kuni kwake, na hakuna anayeomba ruhusa, kwa kuwa mfiwa hana wakati wa kuulizwa. Hezroni alikuwa Mbeya akiushughulikia mwili. Mimi nilikuwa mkuu wa kuni. Watu walikuwa wanakuja mpaka kutoka Karonga, na nilitaka wakirudi Malawi waseme moto wa Ngana haujawahi kuonekana. Nikaingia shambani na vijana, tukaangusha miti kumi na mmoja ya kivuli. Wa kumi na mbili, ule wa pembeni ya kijito, ulisalimika kwa sababu mpini wa shoka langu ulivunjika.

Hezroni akafika na jeneza la mkewe. Akaona moto, akaona visiki. Nikamwambia, “Mpwa, tazama heshima niliyompa mkwe wangu.”

Akanishika mkono. “Ndaga, mjomba,” akasema. Alinishukuru. Mfiwa hagombani na waliokuja kumlilia, na mimi nililijua hilo.

Novemba ile mikokoa ilichipua majani mengi kuliko mwaka wowote. Nikamwendea nikicheka. “Ona, miti imepata jua, inanishukuru.”

“Subiri yakomae, mjomba.”

Yalikomaa madogo, magumu, kingo zimekauka kama karatasi iliyosogezwa motoni. Chini ya mti wa kijito jani lilifika sentimita thelathini na nane. Penye visiki halikupita ishirini na moja, na kabla ya miezi minne likawa chini. Mti ulichipua tena, likaanguka tena, hadi ukachoka kama mama anayezaa kila mwaka bila kula. Matunda yakapungua, yakawa meusi yakiwa mtini. Yote yako kwenye daftari lake, kwa tarehe, na jina langu halimo hata mara moja.

Nilifanya nini? Nilisema. Kilabuni, sokoni, hata nje ya kanisa, nilisema shamba la Hezroni linakufa kwa sababu mwenyewe amezubaa na majonzi, anafunga nyuzi badala ya kulima. Mkaniamini, maana kusema najua. Mkamwita Bwana Majani, na baadhi yenu mliomwita hivyo mko viti vya mbele hapo mmeshika vitambaa machoni. Vishusheni kidogo. Hakuwahi kunijibu. Alipanda migomba ipoze udongo, akapanda miti mipya kumi na minne, akaanza kuipima.

Aprili mwaka huu wa 2025 alianza kuumwa tumbo, ikaonekana ni uvimbe. Mwezi Agosti nilimtembelea. Akaniambia, “Mjomba, siku yangu msikate mti. Chakula kipikwe kidogo, watu warudi mapema.”

Nikamtania. “Utakufa lini, ili tupange?”

“Kabla ya majani ya Novemba, nadhani. Ningependa kuyaona.”

Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, hapa nyumbani.

Jioni ile ile vijana walikuja na mashoka, kama desturi ilivyo, na wakanitafuta mimi. Atupele alisimama kwenye njia ya shamba. Hakupaza sauti. Akasema, “Babu Lazaro, kwa mama ulikata kumi na mmoja. Kwa baba tunabakiza mingapi?”

Nikawaambia vijana wanifuate nyumbani kwangu. Wengi wenu mmeisifia ile milango yangu ya mvule, na kitanda, na dari. Mlipouliza nimepata wapi mbao kama zile, nilisema ni mambo ya wakubwa. Magogo matatu bora ya Hezroni hayakuingia motoni mwaka ule. Niliyapasua. Basi jeneza lililo mbele yenu, ambalo fundi Yohana amelimaliza jana, ni milango yangu miwili na kitanda. Wali mtakaokula umeivishwa kwa dari yangu na pumba za mpunga. Ukiwa kidogo, ndivyo alivyotaka. Moto ukizimika hautachochewa. Anayesikia baridi arudi kwake.

Mwalimu yule ameshakufa, lakini nitalisema hata hivyo: jani la juu na jani la chini yalikuwa ya mti mmoja. Mimi ndiye niliyepanda.

Marehemu ameacha watoto wawili, Atupele na Asifiwe, wajukuu watatu, dada yake Anyelwisye, mjomba mmoja anayelala chini, mti mmoja mkubwa kando ya kijito, na miti michanga kumi na minne ya kivuli, yote imesimama hadi saa hii ninaposoma. Daftari, uzi na futikamba viko kwa Atupele. Mvua zinakaribia.

Tunamlaza kando ya Naomi, chini ya mti ule ambao shoka langu lilishindwa kuukata. Bwana ampumzishe kivulini, kwa amani.