Kosa la Ludovick

Kijiwe chenyewe kiko Makole, ubavuni mwa duka la vipuri lililofungwa siku nyingi: benchi moja la mbao na matairi mawili ya lori yaliyolazwa chini. Kila alasiri, upepo ukishaanza kuwatia watu vumbi mdomoni, Masudi hutua hapo na birika lake la kahawa na sinia la kashata. Wateja wake ni walewale. Yupo Gabrieli, wanamwita Maktaba, maana hakuna jambo ambalo hakulisoma mahali. Yupo Faridi, wanamwita Fiksi, kwa uongo wake usioisha. Na yupo Thobias, Klachi, aliyeendesha malori ya gia ya mkono barabara ya Kondoa mpaka goti la kushoto likastaafu kabla yake. Alhamisi hiyo Klachi alikuja na roho inayouma, na kilichokuwa kikiiuma ni Benzi ya Ludovick, mwenzao wa benchi hilohilo.

Ludovick! Yule aliyefundishwa kuendesha na Klachi mwenyewe, aliyekuwa akizimisha lori kwenye mlima wa Kolo huku utingo akishuka na jiwe mkononi. Mama yake alikuwa na shamba la mtama kule Mtumba. Serikali ikahamia Dodoma, shamba likageuka viwanja, na Ludovick akageuka mtu wa kupunga mkono kwenye kioo cha gari. Klachi alilala na wivu huo na akaamka nao. Sasa Jumamosi binti yake Asnath anaolewa, na mtaani kwao mwenye gari zuri ndiye humpeleka bibi harusi wa jirani kanisani, ila lazima baba mtu aende kuomba mwenyewe. Kamati ya harusi ikamtuma Klachi. Akafika mpaka getini, akaliona gari linaoshwa, linang'aa hata macho yanauma, akageuza. Nyumbani akasema Ludovick amekataa. Kijiweni akasema hivyohivyo.

– Amekataa! – Faridi alijipiga paja. – Yaani Ludo huyuhuyu tuliyekuwa tunamnunulia kahawa?

– Huyohuyo, – alisema Klachi.

– Mimi nilijua. Mtu akizoea otomatiki roho inabadilika. Mguu wa kushoto ukikosa kazi, damu haipandi vizuri moyoni.

– Acha kamba, – alisema Gabrieli.

– Kamba gani? Unajua otomatiki ilibuniwa kwa ajili ya nani? Majenerali waliokatwa mguu vitani!

– Wamarekani walikuwa wanaiuza kabla hata hawajaingia vita ya pili ya dunia.

– Basi walijua vita inakuja. Hilo hukulisoma?

Klachi alicheka, na kucheka kukampa nguvu.

– Gari lisilo na klachi si gari, ni kochi, – alisema. – Unakaa, linakupeleka. Dereva anapanga gia mwenyewe. Anaisikiliza injini, anajua sasa inaomba namba mbili. Ludo anasikiliza nini? Redio!

– Lakini tusimkosee Benz mwenyewe, yule Mjerumani aliyeliunda, – Gabrieli alianza, akaweka kikombe chini, na wenzake wakajua wamekwisha. – Gari lake la kwanza lilikuwa na matairi matatu.

– Bajaji! – Faridi alipiga kelele.

– Silinda moja, injini nyuma. Mwaka 1886 hiyo. Watu hawakuliamini. Basi mkewe, Bertha, akaamka alfajiri, akawachukua wanawe wawili, akaondoka nalo bila kumwambia mumewe, mpaka kwa mama yake mji mwingine. Njiani bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia.

– Aliiba! – alirukia Faridi. – Safari ndefu ya kwanza ya gari ni ya wizi! Ndiyo maana Ludo ana roho ile, kaiokota kwenye usukani.

– Na mwanamke alikimbilia kwao, – Klachi alidakia. – Gari la kuvunja ndoa tangu mwanzo. Hata angetupa, Asnath asingepanda!

Alilisema kwa sauti kubwa, ili na moyo wake usikie.

– Alirudi kwa mumewe, bwana wee, – alisema Gabrieli. – Na jina Mercedes mnajua limetoka wapi? Ni jina la binti. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa magari, akayapa jina la mwanawe, kampuni ikalichukua. Fikiria mzee anavyompenda bintiye, mpaka leo dunia nzima inamtaja barabarani.

Klachi akaisukuma kahawa yake kando. Mwenzake kalipa gari jina la mwanawe, na yeye kwa ajili ya mwanawe ameshindwa kugonga geti! Aliona aibu, kisha akamkasirikia Ludovick kwa hiyo aibu.

Na ndipo ndinga yenyewe ikatokea kona ya msikitini, polepole, ikikwepa mashimo. Kioo kikashuka.

– Mbukwenyi! – Ludovick aliwasalimu kwa Kigogo, kama zamani.

Kimya. Kumwachia mtu salamu yake hewani si jambo dogo Dodoma. Hata Masudi aliinamia birika. Ludovick alisubiri kidogo, akapandisha kioo, akaondoka. Klachi aliisikiliza ile injini ikibadilisha gia yenyewe, bila kugugumia, na Mungu amsamehe, aliipenda.

– Umeona? Anatusanifu! – alisema Faridi. – Hao wenye magari ya kifahari wanakula kiapo kabla ya kukabidhiwa funguo. Kinasema: usiwape lifti uliotoka nao.

– Kinaandikwa kabisa, – alisema Klachi.

Masudi alikuwa akiwamiminia tena Asnath alipofika, mfuko wa gauni begani, akitokea kwa fundi cherehani.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, bibi harusi! – alisema Faridi. – Pole mama. Tumesikia Ludovick kakunyima gari. Sasa hivi kapita hapa, tumemnyima salamu. Hatujamjibu hata mmoja!

Asnath hakucheka. Alimtazama baba yake.

– Baba mdogo Ludovick nimekutana naye kwa fundi, – alisema. – Ameniuliza mbona hatujaenda kuomba gari. Analiosha tangu Jumatatu, anakusubiri. Anasema hawezi kulileta bila kuombwa, ataonekana anajionyesha.

Gabrieli alikohoa.

– Na wewe ukamjibuje, mwanangu?

– Nimemwambia tumeshapata jingine. Ningesemaje? Kwamba baba yangu amemsingizia?

Birika la Masudi lilibaki limeinama juu ya kikombe, halimimini kitu. Klachi alitamani Faridi aropoke lolote, majenerali, kiapo, chochote. Faridi alikuwa anaangalia viatu vyake.

– Baba, – alisema Asnath, bila ukali wowote. – Alikukosea nini?

Klachi akatafuta. Akarudi nyuma mpaka enzi za Kolo, akapekua miaka yote ya benchi hilo, kahawa kwa kahawa. Hakupata matusi, hakupata dhuluma, hakupata hata siku moja ambayo Ludovick alimpita bila kumsalimu. Alichopata ni kimoja tu, kwamba mwenzake amepata. Hilo huwezi kumwambia binti yako mbele za watu, na hata mkiwa wawili huwezi.

Aliwageukia wenzake. Maktaba alikuwa anahesabu kashata kwenye sinia.

– Baba, – alisema Asnath, – nimekuuliza.