Sista Chokochoko Akiaga Chumba cha Afya

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, muuguzi wa kituo chetu cha jamii anastaafu. Jina lake rasmi lipo kwenye mkataba. Sisi na wakazi wa mtaa tunamwita Sista Chokochoko, na hajawahi kulalamika, maana anajua alivyolipata.

Alitoka zahanati ya jirani, iliyokuwa imeshikana mikono na kituo chetu pamoja na chuo cha ufundi ili kuzisaidia familia kutoka Asia zilizohamia mtaani. Zahanati ilete tiba, chuo kilete mafunzo, sisi tutoe vyumba na chai. Mpango ulipendeza. Darasa la ushonaji lilijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Chumba cha afya, kilichotenganishwa nalo na ukuta mmoja tu, kilibaki kitupu. Kila mama aliyekaribishwa alitabasamu, akasema, "Mimi mzima, Sista," akapita zake. Meneja akaanza kukimezea mate chumba kile kiwe stoo ya viti.

Sista si mtu wa kukaa akipiga miayo. Aligundua kwamba katika Kiswahili kichanga cha kina mama wale, neno moja lilikuwa limeshakomaa: kupima. Mwalimu wa ushonaji alishinda akiwaambia pima bega, pima kiuno. Basi Sista akabandika tangazo kwenye mlango wa darasa: "Alhamisi, kupimwa bure. Wote karibuni." Hakufafanua, na alipoulizwa alidai ana haraka.

Alhamisi wakaja, vitambaa kwapani. Wa kwanza alikuwa Bibi Cherehani, mkubwa wa darasa kwa umri na kwa ukali. Sista akamketisha, akamfunga mkanda wa mashine ya presha. Bibi akautazama ukivimba.

"Mbona unapima mkono mmoja tu?"

"Yote miwili inafanana, Bibi. Mmoja unatosha."

Darasa zima likacheka. Sista akasoma kipimo, akapima tena, na yeye ndiye aliyetangulia kuacha kucheka.

Presha ilikuwa juu mno. Bibi akasema ana gauni la bibi harusi la kumaliza, hospitali haihami, itamngoja. Sista hakubishana naye. Alimchukua mkwe wa Bibi akamtafsirie, wakamfuata mume wa Bibi, fundi seremala, kwenye karakana yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaweka randa chini, akatoka na vumbi la mbao kichwani kwenda kumchukua mkewe. Bibi alilazwa siku hiyo hiyo. Daktari alisema angechelewa kidogo, huenda angepooza. Sista alishinda kando ya kitanda chake, kimya, jambo ambalo sisi tunaomjua hatukuwa tumewahi kuliona.

Mtadhani Bibi alirudi na shukrani. Alirudi na afya, na hasira juu yake.

"Mwanangu, ulinidanganya," alimwambia pale mapokezi.

Sista akajitetea kwamba angesema ukweli, Bibi asingekuja. Bibi akakubali kwamba asingekuja, akaongeza kuwa bado ni vibaya. Sisi wengine tukajifanya tunapanga mafaili yaliyokwisha pangwa. Sista akaomba radhi, safari hii bila kujitetea. Kisha akalibandua tangazo lake, akaandika jingine la kueleza wazi kinachopimwa na kwa nini.

Bibi alimnunia wiki kadhaa. Akipita mlangoni, aligeuza uso kama anayepita jalala. Halafu Alhamisi moja akaingia chumba cha afya, darasa zima likiwa nyuma yake.

"Leo tunajua tunapimwa nini," akasema, akakunja mkono wa blauzi.

Msamaha huo ulikuwa na sharti: Sista ajifunze kushona. Blauzi yake ya kwanza ilikuwa na mikono miwili, yote ya kushoto. Bibi aliamuru aivae kazini, naye akaivaa, akawahudumia wagonjwa bega moja likiwa limepaa kama linaomba ruhusa ya kuuliza swali. Kina mama wakaanza kuwaleta waume zao. Chuo nacho kikafungua darasa la useremala, mwalimu akiwa mume wa Bibi, na meneja akaenda kutafuta stoo kwingine.

Katika jioni za utamaduni, Sista aliimba na kwaya ya kina bibi bila kuelewa neno. Mwaka mmoja walimsindikiza mgeni rasmi, aliyekuwa amehutubia mpaka chai ikapoa, kwa wimbo mtamu sana. Baadaye tuliambiwa ni wa kubembeleza mtoto alale. Sista anaapa hakujua. Kina bibi wanasema ndiye aliyeuchagua.

Asante, Sista, kwa afya za watu wengi ambao leo wanakusema vibaya wakiwa wazima. Kuanzia Julai atakaa dawati la mbele katika darasa la lugha ya kina mama hao hao, kwa sababu, anavyosema, amechoka kuchekwa bila kujua kosa lake. Mwalimu, ambaye ni yule mkwe wa Bibi Cherehani, ameomba tumfikishie onyo kwamba mchokozi hukalishwa peke yake. Tumelifikisha. Tunakuombea mapumziko mema, miguu yenye nguvu, na jirani wa dawati mwenye subira.