Viatu vya Mlangoni: Kumuaga Papa Bulonza

Tarehe 30 Juni 1985, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, raia mwenzetu, citoyen Bulonza, anauacha mlango wa Hifadhi ya Nyamubanda. Sisi wenzake tunamwita Papa Bulonza. Wageni wa Jumapili, kuanzia mtaa wa Nyalukemba hadi wa Cimpunda, wanamwita muzee wa viatu. Majina yote mawili huyaitikia, ila la pili huliitikia amenuna.

Alianza mwaka 1959 akifyeka njia. Watu walipozidi kuja kuvua kambare, kula mikate na vile visamaki vya sambaza kando ya bwawa na kutazama mbega, akapewa mlango. Njia zetu ni tope tupu, kwa hiyo kila mgeni humwachia viatu vyake juu ya ubao wa mlangoni na kuazimwa mabuti. Hapo ndipo alipotunga sheria yake: mlango haufungwi kama ubaoni kuna viatu, maana mwenyewe bado yuko msituni. Alivipanga kama wanakwaya, vifupi mbele, virefu nyuma. Na ole wako ulete vyenye harufu! Alivitoa nje kwenye upepo, huku ukimwangalia.

Basi, sikukuu moja ya mwaka 1974, jioni ilibaki jozi moja nyeusi, mpya kabisa. Papa Bulonza akapuliza filimbi, akatutoa walinzi wote tisa, tukauchana msitu saa mbili nzima mvua ikitunyeshea. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Tuliporudi mikono mitupu, mke wake, Maman Colette, alikuwa mlangoni amemletea chakula. Akatazama ubao, akatazama mabuti miguuni pa mumewe, akauliza kwa nini viatu alivyomnunulia juzi vimepangwa na vya wageni. Kumbe mzee alivivua mwenyewe asubuhi kwa kuogopa tope, akasahau! Tulicheka mwaka mzima.

Ndiyo maana miaka mitatu baadaye, viatu vya bluu vya kike vilipobaki ubaoni saa kumi na moja jioni, hakuna aliyeinuka. Mwandishi wa mistari hii ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Papa, angalia kwanza miguu yako!" Mzee akaiangalia kweli, mbele yetu, bila haya. Kisha akachukua fimbo yake, akaingia msituni peke yake.

Kabla giza halijashika alirudi amembeba mgongoni Maman Yolande, mwalimu wa Cimpunda. Alikuwa ameteleza bwawani akavunjika mguu, na maji ya mvua yalikuwa yamemfika kifuani, yakizidi kupanda. Papa Bulonza alimketisha kando ya ubao. Alimvisha kiatu kimoja cha bluu kwenye mguu mzima, kingine akamfungia kwenye kitenge chake. Siku hiyo hakuna aliyecheka, na aibu ile mwandishi huyu anayo mpaka leo.

Papa, manung'uniko yako juu ya viatu vyetu hatutayalilia. Wewe mwenyewe tutakulilia. Asante kwa kila mgeni aliyerudi nyumbani kwake. Ufunguo wa mlango sasa amepewa huyu huyu aliyekucheka. Jioni viatu vikibaki, ataangalia miguu yake kwanza, halafu ataingia kutafuta.

Pumzika vizuri na Maman Colette, Mungu awazidishie siku. Ukija Jumapili kutembea, utaacha viatu ubaoni kama wengine, nasi hatutafunga mlango mpaka utakapotoka.